Mama Wakwe Watatu wa Pasua

Siku hizi kazi yangu ni kuchambua maharage na kuota jua kwenye baraza la nyumba yetu ya masista wazee, huku juu mlimani ambako baridi haina adabu. Maharage yenyewe nahisi huletwa yakiwa yameshachambuliwa, ili tu nisikae bure. Juzi mlikuja ninyi, wanovisi wa mashirika yetu matatu, mmepanda gari moja, rangi za kanzu zimechanganyika, kahawia na nyeupe na buluu, mnagombania kiti cha dirishani. Mmoja wenu akaniuliza, "Sista Apolonia, kabla ya kustaafu ulikuwa unafanya kazi gani hasa?" Nikamjibu kwamba nilikuwa mama mkwe. Mkaangua kicheko mpaka mlezi wenu akawakazia macho. Kisha chai ikaletwa, mazungumzo yakakatika, mkaondoka. Sikuwa natania, wanangu. Ngoja niwaeleze.

Kwanza mjue kwamba hilo gari moja mlilopanda halikushuka kutoka mbinguni. Usione vyaelea, vimeundwa. Zamani kila shirika lilikuwa na maskini wake, kama mtu anavyokuwa na mbuzi wake. Sisi wa kahawia tulikuwa na wetu, wale weupe walikuwa na wao na nyumba yao ya watoto, wale wa buluu walikuwa na wao na zahanati yao mjini. Tulisalimiana vizuri kwenye sikukuu za jimbo, tukasifiana keki, kisha kila mmoja akarudi kwa mbuzi wake. Hatukuwa na ubaya. Tulifundishwa kwamba mkono wa kushoto usijue unachofanya mkono wa kulia, na kweli haukujua.

Kando ya barabara ya kupanda Kibosho alikaa Mzee Aloisi, kipofu, mcheshi, mwenye meno mawili na maneno elfu. Mashirika yote matatu yalimpenda, maana nyumba yake ilikuwa pale pale gari linaposimama. Alitutambua kwa viatu. Sisi tulivaa ndala za raba, weupe walivaa viatu vya ngozi vya kamba, wa buluu walivaa makubazi yanayolia. Akisikia ndala huanza kuimba wimbo wa msimamizi wetu, na mimi moyo hulainika nikasema, huyu mzee ni wetu kabisa. Kumbe akisikia makubazi alibadilisha wimbo. Na kila shirika aliliambia, "Ninyi ndio mnaonikumbuka. Hao wengine wananipita tu."

Siku moja tulikutana wote mlangoni, mimi, Sista Gaudensia wa wale weupe na Sista Fides wa wale wa buluu, kila mmoja na mfuko wake wa sukari. Mzee akasikia ndala, viatu vya kamba na makubazi kwa pamoja. Wimbo ukamshinda. Akauliza, "Leo ni Pasaka?"

Uvunguni mwake kulikuwa na ndoo imejaa sukari mpaka sisimizi walishahamia na familia zao. Tulicheka, hata yeye alicheka, lakini alipomaliza akatuambia kitu kilichotukata kicheko: "Kule bondeni kwa Mama Siriaki hakuna hata chumvi. Mimi nilidhani mkitoka hapa huwa mnashuka kwake." Hatukuwa tumewahi kushuka. Njia ya bondeni ni ya miguu, ina utelezi, na huruma yetu ilikuwa inaishia pale gari linapogeuzia. Nilisikia aibu ambayo hata leo nikiikumbuka masikio yanapata moto. Tulibeba ndoo ile tukateremka nayo, Gaudensia akianguka mara kwa mara kwa sababu ya vile viatu vyake vya heshima. Tukiwa tumekaa kwenye gogo la Mama Siriaki tukifuta matope, tulikubaliana kwamba kuanzia hapo hakuna maskini wa shirika. Sisi tulikuwa na gari, weupe walikuwa na ng'ombe na migomba, wa buluu walikuwa na dawa. Tukaanza kutembea pamoja.

Sasa, kabla sijafika kwenye ukwe wangu, niwape jambo moja la kazi ambalo nilipewa na Sista Bernada, aliyenifundisha, Mungu amlaze pema. Mkiingia nyumba ya mtu, msimwulize kama amekula. Kila mtu atasema amekula. Mchaga hata akiwa anakufa njaa atakwambia, "Tumeshiba, karibuni ninyi." Bernada alinifundisha kutazama jiko kabla ya kutazama uso. Jivu lina joto au limepoa? Kuni zimekaa vipi? Sufuria imekauka tangu lini? Ukishasoma jiko, ndipo ukae, usalimie vizuri, uongee habari za mvua. Ninyi siku hizi mna simu na kundi lenu la WhatsApp, mnatumiana picha za wagonjwa na mahali walipo, na ni jambo jema, linaokoa miguu. Lakini sijaona simu inayopima joto la jivu.

Basi asubuhi moja Sista Fides akanipigia kutoka zahanati. Fides ni mtu wa Songea, nesi mzuri sana, huwa hapandishi sauti hata nyumba ikiungua. Siku hiyo alikuwa anaongea haraka. Alisema amekuja msichana anaitwa Upendo, anakaa mtaa wa Pasua, Moshi mjini, amebeba mtoto mchanga wa kike. Amempimisha uzito, kisha badala ya kuondoka akabaki amesimama.

"Sista," yule binti akamwuliza Fides, "kule kwenye nyumba ya watoto ya wenzenu, wanapokea mtoto mwenye mama?"

"Mama yake yuko wapi?"

"Ni mimi. Lakini mimi naondoka."

Mchana ule ule tulikuwa chumbani kwake, sisi watatu, nyuma ya mashine ya kusaga. Chumba kimoja cha kupanga, safi, godoro chini, pazia la kitenge. Nikatazama jiko. Lile jiko la mkaa lilikuwa limepigwa utando wa buibui. Yule binti alikuwa amelala ameelekea ukutani, mtoto kando yake akitafuta ziwa ambalo halikuwa na kitu. Akatusalimia "shikamooni" bila kugeuka.

Habari yake ilitoka polepole. Alitokea Singida, akaja Moshi kuuza nyanya, akakutana na kijana wa Kichaga wa Uru anaitwa Proches. Wakapendana, wakapanga chumba. Proches hakumpeleka kwao, hakutuma wazee, hakupeleka pombe ya mbege ukweni wala popote. Mama yake aliposikia, alisema maneno mawili tu: "Sina mkwe." Kisha Proches akaenda Mererani kutafuta riziki machimboni, akawa anapatikana kwenye simu leo, kesho hapatikani. Upendo akajifungua peke yake.

Ninyi mliotoka mbali na mlima huu, sikieni. Kwa Wachaga mwanamke akizaa hatoki nje. Anakaa ndani miezi mitatu, hashiki jembe, hachoti maji, hapiki. Kazi yake ni kunyonyesha na kula, na anayemlisha ni mama mkwe. Atapikiwa mtori, ule uji mzito wa ndizi na nyama ya mifupa, asubuhi na jioni, mpaka shavu ling'ae. Mkwe hata kama ni mkali kama pilipili, miezi ile mitatu anakuwa mtumishi. Wanawake hukumbuka mtori ule mpaka uzeeni. Kuzaa si kazi, kazi kulea, nasi huku tunaanza kwa kumlea aliyezaa.

Upendo hakuwa na mtu. Tulitoka nje kushauriana, na hapo ndipo nilipompenda Gaudensia milele, ingawa alikuwa mwanamke mgumu wa Rombo mwenye kauli za kukata. Yeye ndiye alikuwa na funguo za nyumba ya watoto. Ingekuwa rahisi sana. Angesema ndiyo, tungemchukua mtoto siku hiyo hiyo, tungempiga picha amevaa kofia nzuri, na wafadhili wangelia machozi ya furaha. Gaudensia akasema, "Kitanda kipo. Lakini huyu mtoto si yatima, nami sitamfanya yatima kwa sababu nina kitanda. Anayehitaji kulelewa hapa ni yule mkubwa."

Fides akauliza, "Nani atamlea?"

Tukatazamana. Wanawake watatu wenye shela, hakuna hata mmoja aliyewahi kuzaa wala kuwa na mwana wa kuoa. Nikasema, "Basi leo tumepata mkwe."

Kuomba ruhusa kwa Mama Wakuu watatu lilikuwa jambo lingine. Wangu aliniuliza, "Na ninyi mnajua nini kuhusu uzazi?" Nikamwambia hatujui, lakini tunajua kupika. Akasema mimi kupika sijui, amekula chakula changu. Ila aliruhusu. Wa Gaudensia alitaka kujua nani atasali Masifu ya jioni na nani. Tulikubaliana kwenda wawili wawili kwa zamu, kila mara rangi mbili tofauti, na kusali njiani kwenye gari, kila mmoja kwa sauti ya shirika lake. Sauti hazikuoana. Watoto wa Pasua wakituona tunashuka walikuwa wanaimba, "Bendera! Bendera imekuja!"

Tukaanza kazi. Fides alimwogesha mtoto na kumkanda mama kwa maji ya moto, akamfundisha kumweka mtoto vizuri ziwani, akimsifia kwa kila tone. Mimi nilifua nepi, kazi niliyoiweza. Kuhusu mtori ndipo vita vilipozuka. Mimi kwetu Kibosho ndizi na nyama vinaingia pamoja. Gaudensia akasema huo ni uji wa wagonjwa, kwao maziwa yanatangulia. Kila mmoja akawa anapika wake na kuuleta. Kuna siku yule binti alikutana na sufuria tatu, sisi tumemzunguka tunamtazama atasifu ipi. Manahodha wengi chombo huenda mrama, nasi chombo chetu kilikuwa kinazama kwenye mtori.

Niwafundishe na ndizi hapo hapo, maana kuna wenzenu wanadhani ndizi ni ndizi. Mtori ni ndizi mshare. Zile ndefu, nyembamba, zilizopinda kidogo. Paka mafuta mikononi kabla ya kumenya, la sivyo utomvu utakukaa mpaka Jumapili, na umenyee ndani ya maji zisigeuke nyeusi. Sista Fides hakujua haya. Kwao Songea ni watu wa ugali. Zamu yake ilipofika wakati wa ukame, migomba ya Gaudensia ikiwa imechoka, alikwenda sokoni Pasua akaomba mkungu mkubwa kwa bei nafuu. Muuzaji akampa mkungu mkubwa sana. Zilikuwa ndizi za kutengenezea pombe. Alizichemsha kutwa nzima, akaziponda kwa jasho, akaweka samli, akatia baraka. Nilipoonja, ulimi ulijikunja kama kobe anavyorudi ndani ya gamba lake. Gaudensia alionja akasema, "Fides, huu mtori ukiuacha mpaka kesho utaanza kuimba."

Tulicheka tukashika mbavu. Tulipogeuka, Upendo alikuwa analia.

Alikuwa amekula bakuli zima. Alikula kwa heshima, akimeza kwa taabu, kwa sababu tumemhangaikia. Akaweka bakuli chini. Hapo ndipo nilipoona kwamba begi lake lilikuwa limefungwa, limewekwa karibu na mlango, na nguo za mtoto zimekunjwa peke yake juu ya godoro.

"Masista wangu," akasema, "mnanilisha vizuri, Mungu awabariki. Sio chakula. Jioni mkiondoka nabaki na huyu, na hakuna mtu wa kwao anayejua kama nimezaa. Wapangaji wenzangu wananiuliza, mkwe wako anakuja lini? Nawaambia kesho. Kila siku nasema kesho. Nimechoka kudanganya. Ijumaa kuna basi. Mtoto mchukueni, atakua na wenzake kule, hatajua kama alikataliwa."

Fides alikaa chini kwenye sakafu. Mimi nilishikwa na hasira, na sikujua nimkasirikie nani, basi nikafua nepi ambazo zilikuwa safi. Tulikuwa tumejaza tumbo la yule binti na hatukugusa njaa yake. Alichokosa si mtori, ni mwenye mtori.

Gaudensia akauliza, "Mama yake Proches anakaa wapi kule Uru?"

Kesho yake tukapanda, mimi naye. Njiani Gaudensia alitayarisha mahubiri. Alikuwa na mwana mpotevu, alikuwa na Ruthu na mkwewe Naomi, alikuwa na hukumu ya mwisho. Nikamwambia, "Sista, huyu mama amesali kanisani miaka yote. Hayo yote anayajua. Ukimpelekea mtu jibu atakufungia mlango. Tumpelekee swali, tena swali analoliweza yeye kuliko sisi."

Tulimkuta anakata majani ya ng'ombe kwenye kihamba chake, shamba la migomba la ukoo, mwanamke mrefu, mkavu, kanga imefungwa kiunoni kwa nguvu. Migomba yake ilikuwa imetunzwa hata nikaona wivu.

"Tumsifu Yesu Kristo," nikasema.

"Milele amina. Shikamooni masista. Kama mmekuja kwa habari za yule msichana wa Pasua, mmechosha gari bure. Mimi sina mkwe." Akaendelea kukata majani.

"Marahaba, mama. Hatukuja kwa hilo. Tumekuja kuomba mkungu wa mshare. Tuna mzazi tunamlea, na ndizi mjini zimetushinda."

Panga likasimama kidogo. "Mnamlea ninyi?"

"Sisi."

"Masista?"

"Ndiyo, mama. Lakini mtori unatusumbua. Mwenzangu huyu wa Rombo anasema maziwa yanatangulia."

Gaudensia, bila kuambiwa, akaelewa. Akajinyoosha akasema kwa kiburi chote cha Rombo, "Maziwa kwanza, ndizi baadaye. Ndivyo ulivyo mtori."

"Yeleuwi!" Mama Proches akatupa majani chini. "Maziwa kwanza? Mnampikia mzazi au mnampikia ndama? Maziwa yatakatika, mama! Mzazi ataharisha, mtoto ataharisha, ninyi mtakuwa mnasali rozari nyumba nzima inaharisha!" Akaja karibu, akaanza kutuonyesha kwa mikono. Mifupa ichemke mpaka uboho ulegee. Ndizi baadaye, zichemke kwenye supu ile ile. Utoe mifupa, uponde ndizi zikiwa bado za moto, usikie sauti yake inabadilika. Samli. Maziwa ya mwisho kabisa, kidogo, tena ya ng'ombe aliyezaa karibuni. Alieleza mpaka jasho likamtoka, na uso wake ulikuwa umefunguka wote.

Kisha akakumbuka. Akaokota panga. Alikwenda kwenye mgomba, akakata mkungu ulio mzuri kuliko yote, akauburuta mpaka miguuni petu. Akiwa amegeukia ng'ombe akauliza, "Huyo mtoto wa mzazi wenu, ni wa kike au wa kiume?"

"Wa kike."

Mnajua kwetu mtoto wa kike wa kwanza anachukua jina la nani. Bibi mzaa baba. Mama Proches alisukuma majani kwa ng'ombe ambaye tayari alikuwa na majani mengi.

"Aika, mae," nikamshukuru kwa lugha yetu. Tulipoanza kuondoka, Gaudensia akaniambia kwa sauti ya kusikika mpaka kanisani, "Sista Apolonia, leo tusipotee tena pale Pasua. Ni nyuma ya mashine ya kusaga, mlango wa kijani." Nilimfinya.

Tulipika mtori ule sawasawa na tulivyofundishwa. Fides aliponda mpaka mikono ikamtetemeka. Upendo alipoonja tu alisimamisha kijiko. Akauliza, "Hizi ndizi zimetoka wapi?" Tukamwambia zimetoka kwa mama mmoja wa Uru. Alikula, akamaliza, akaomba tena. Lakini begi halikuondoka mlangoni. Siku zikapita, hakuna mtu aliyetokea, na mimi nikaanza kujilaumu kwamba pengine mahubiri ya Gaudensia yangefaa zaidi. Alhamisi tulimkuta ameshanunua tiketi. Gaudensia aliondoka kwenda kutandika kile kitanda ambacho hakutaka kukitandika. Sijawahi kumwona ametembea polepole vile.

Ijumaa asubuhi tulikwenda wote watatu, maana hakuna aliyetaka wenzake wapokee mtoto yule peke yao. Fides akawasha jiko ili binti asisafiri na njaa. Upendo alikuwa amevaa kwa safari, anamnyonyesha mwanawe mara ya mwisho, machozi yanamdondokea mtoto kichwani. Basi lilikuwa linaondoka saa nne.

Bajaji ikasimama nje kwa kelele. Tukasikia mtu anagombana na dereva kwamba ameupita mlango. Kisha pazia likafunguliwa bila hodi, akaingia mwanamke mrefu, mkungu begani, kibuyu cha maziwa mkononi, na chungu kimefungwa kwenye kanga mgongoni kama mtoto. Hakutusalimia. Alitutazama mmoja mmoja, kahawia, nyeupe, buluu, akatazama jiko, akafunua sufuria ya Fides, akanusa, akafunika.

Upendo aliteleza kutoka kwenye godoro akapiga magoti, mtoto bado ziwani.

"Shikamoo, mama," akasema.

Wanangu, salamu ile ilikaa hewani. Nimeshasubiri mambo mengi maishani, matokeo ya hospitali, kura za mkutano mkuu, lakini sijawahi kusubiri neno moja namna ile. Mama Proches aliweka mkungu chini. Akaweka kibuyu. Akamtazama mtoto, akatazama begi mlangoni, akalitazama tena.

"Marahaba, mwanangu," akasema. "Nani kakwambia mzazi anapiga magoti sakafuni? Panda juu. Utaingiwa na baridi mtoto akose maziwa. Na hili begi tutapanda nalo nyumbani."

Fides akaanza kulia waziwazi, yule asiyepandisha sauti. Mama Proches akamgeukia. "Sista, usinililie kwenye mtori. Tokeni, tokeni. Chumba kidogo. Uru nzima inanicheka, kila nikienda kanisani naambiwa mkwe wangu analelewa na wanawake ambao hawajawahi hata kuumwa uchungu. Mmefanya, asanteni, sasa basi. Jiko lina mwenyewe."

Gaudensia alivuta pumzi atoe jibu la Kirombo. Nikamshika shela nikamvuta nje kama mbuzi.

Tukasimama uani, sisi watatu, hatuna kazi. Fides alikuwa bado ameshika mwiko. Wapangaji walikuwa wametoka milangoni kutazama, na mmoja akauliza, "Yule ni nani?" Kabla hatujajibu, sauti ya Upendo ikatoka ndani, ya kwanza niliyowahi kuisikia ikiwa na nguvu: "Ni mkwe wangu! Amekuja!"

Sikuwahi kupata furaha kama ile, na nimeweka nadhiri, nimefanya jubilei na maua mikononi. Gaudensia alicheka mpaka akaegemea ukuta. Ndipo mlango ukafunguka tena, mkono mrefu ukatoa sufuria yetu nje, tupu, imeshaoshwa, ukaiweka chini, ukafunga.

Nyumba ya Mungu ina watu wengi wanaopenda kubaki jikoni, wanangu. Siku mwenye jiko akija akawafukuza, msinune. Chukueni sufuria yenu, muende.